Kalsiamu na Mapigo ya Moyo: Seli Moja Ndani ya Kompyuta

1. Utangulizi

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja. Kila pigo ni kazi ya pamoja ya mabilioni ya seli za msuli, ambazo hujikunja na kulegea kwa zamu. Amri ya kujikunja huifikia seli kwa njia ya umeme. Hata hivyo, umeme peke yake hauwezi kuukunja msuli. Kati ya umeme na msuli yupo mjumbe, na mjumbe huyo ni ayoni ya kalsiamu.

Wanafunzi wengi huifahamu kalsiamu kama madini ya mifupa na meno. Ni kweli kwamba karibu kalsiamu yote ya mwili imo humo. Lakini kile kiasi kidogo sana kinachozunguka ndani ya seli za moyo ndicho kinachoamua kama moyo utapiga kwa nguvu, utapiga kwa udhaifu, au utasimama.

Seli ya moyo ina urefu wa kiasi cha mikromita 100, na sehemu zake zinazohusika na kalsiamu ni ndogo zaidi mara elfu. Si rahisi kupima kila jambo linalotokea humo kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo wanasayansi hutumia njia ya pili: huandika kanuni za seli kwa lugha ya hesabu, kisha huiachia kompyuta kazi ya kukokotoa matokeo yake. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, imefundisha nini, na mipaka yake ni ipi.

2. Maji ya bomba ya London

Umuhimu wa kalsiamu katika moyo ulijulikana kwa njia isiyotazamiwa. Mnamo mwaka 1882 daktari Sydney Ringer wa London alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya moyo wa chura. Moyo huo, ukiwa nje ya mwili, uliendelea kupiga kwa muda mrefu ndani ya maji ya chumvi. Ringer aliamini kuwa maji yaliyotumika yalikuwa yamekenekwa. Baadaye alitambua kwamba yalikuwa maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa kweli, moyo ulidhoofika upesi na kusimama.

Katika makala yake ya mwaka 1883 Ringer alieleza tofauti hiyo: maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu. Alipoongeza kiasi kidogo cha chumvi ya kalsiamu katika maji yaliyokenekwa, moyo ulirudia kupiga. Hadi leo wauguzi na madaktari hutumia maji ya dripu yenye jina lake.

3. Safari ya kalsiamu katika pigo moja

Nje ya seli ya moyo, ukolezi wa ayoni huru za kalsiamu ni kati ya millimoli 1 na 2 kwa lita. Ndani ya seli iliyopumzika ukolezi huo ni mikromoli 0.1 tu kwa lita. Maana yake ni kwamba kalsiamu ya nje imeikolea ya ndani zaidi ya mara 10,000. Tofauti hiyo ni kama maji yaliyozuiwa na ukuta wa bwawa: tundu dogo likifunguliwa, maji huingia kwa nguvu. Pigo moja hupita katika hatua nne.

(a) Msukumo wa umeme hupita katika utando wa seli. Volti ya ndani, ambayo wakati wa mapumziko ni kiasi cha millivolti –85, hupanda upesi na kuvuka sifuri. Mabadiliko hayo hufungua milango maalumu ya kalsiamu iliyomo katika utando, na kalsiamu kidogo huingia kutoka nje.

(b) Kalsiamu hiyo kidogo hukuta, ng'ambo ya pengo lenye upana wa kiasi cha nanomita 15 tu, ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli. Ghala hilo lina milango yake, nayo hufunguliwa na kalsiamu yenyewe. Kwa hiyo kalsiamu chache zilizoingia huita nyingi kutoka ghalani.

(c) Ukolezi ndani ya seli hupanda hadi kufikia kiasi cha mikromoli 1 kwa lita. Kalsiamu hushikamana na protini iitwayo troponini, na nyuzi za aktini na miosini huanza kuvutana. Seli hujikunja.

(d) Pampu hurudisha sehemu kubwa ya kalsiamu ghalani. Sehemu nyingine hutolewa nje na kibadilishi, yaani protini ambayo hutoa ayoni moja ya kalsiamu kwa kuingiza ayoni tatu za sodiamu. Seli hulegea na kungojea amri nyingine.

Inafaa kutambua kwamba katika kila pigo kiasi kinachotoka lazima kilingane na kiasi kilichoingia. Tuseme akiba ya ghala ingeongezeka kwa asilimia 1 tu katika kila pigo. Baada ya mapigo 70, yaani dakika moja, akiba ingekuwa imezidi maradufu. Moyo hauna nafasi ya kukosea hesabu zake kwa muda mrefu.

4. Kielelezo cha kihisabati ni nini?

Kielelezo cha kihisabati ni maelezo ya jambo halisi kwa kutumia milinganyo. Ramani haina mawe wala mito, lakini humwonyesha msafiri njia. Vivyo hivyo kielelezo cha seli hakina uhai, lakini huonyesha yale yanayofuata kutokana na kanuni tulizozikubali.

Hebu tuchukue hatua ya (d) peke yake, yaani kulegea kwa seli. Tuseme ukolezi wa kalsiamu ni c, na ukolezi wa mapumziko ni mikromoli 0.1. Tukubali kwamba kasi ya pampu inalingana na ziada iliyopo, yaani c – 0.1, na kwamba pampu huondoa ziada hiyo kwa kiwango cha 5 kwa sekunde. Basi, katika kipindi kifupi cha muda h:

c mpya = c – 5 × h × (c – 0.1)

Tuanze pigo likiwa limefikia kilele, c = 1.0, na tuchague hatua ya h = sekunde 0.05. Katika kila hatua robo ya ziada huondoka. Matokeo ni haya:

Muda (sekunde)   Ukolezi (mikromoli kwa lita)
0.00   1.000
0.05   0.775
0.10   0.606
0.15   0.480
0.20   0.385

Mwanafunzi anaweza kuihakiki hesabu hii kwa kalamu na karatasi. Jibu kamili la mlinganyo huu katika sekunde 0.20, linalopatikana kwa hesabu za juu, ni 0.431. Jibu la jedwali limepotoka kwa sababu hatua zetu ni ndefu mno. Hatua ikiwa sekunde 0.01, jibu huwa 0.423, ikiwa sekunde 0.001, jibu huwa 0.430. Kadiri hatua zinavyokuwa fupi ndivyo jibu linavyokaribia ukweli, na ndivyo kazi ya kukokotoa inavyoongezeka.

Je, hatua ikiwa ndefu kupita kiasi? Tujaribu h = sekunde 0.4. Hapo c mpya = 1.0 – 2 × 0.9, yaani –0.8. Ukolezi chini ya sifuri hauwezekani katika maumbile. Hili ni fundisho la kwanza la kazi ya vielelezo: kompyuta haitaona aibu kutoa jibu lisilo na maana. Wajibu wa kulikataa ni wa binadamu.

5. Kutoka mashine ya mkono hadi kompyuta

Vielelezo vya umeme wa seli vilianzia kwenye neva, si moyoni. Mwaka 1952 Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha milinganyo ya msukumo wa neva ya ngisi. Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa katika matengenezo wakati huo, hivyo Huxley alikokotoa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Kazi hiyo ilichangia kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Mwaka 1960 Denis Noble, mtafiti kijana wa London, alichapisha kielelezo cha kwanza cha namna hiyo kwa ajili ya moyo. Alitumia kompyuta ya chuo kikuu, ambayo wakati ule ilitakiwa na watu wengi. Naye alipewa nafasi kuanzia saa 8 hadi saa 10 usiku. Kielelezo chake kilitoa mapigo yaliyofanana na yale ya nyuzi za Purkinje za moyo halisi.

Lakini ndani ya kielelezo hicho hapakuwa na kalsiamu hata kidogo. Mkondo wa kalsiamu katika nyuzi hizo ulikuwa haujapimwa. Vipimo vyake vilitolewa na Harald Reuter mwaka 1967. Ili hesabu za mwaka 1960 ziafikiane na vipimo, mkondo wa sodiamu ulibebeshwa kazi ambayo baadaye ilionekana kuwa ni ya kalsiamu. Basi kielelezo kinaweza kutoa picha sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Kufanana na vipimo ni ushahidi, lakini si ushahidi wa mwisho.

Hatua zilizofuata ziliiingiza kalsiamu pole pole. Mwaka 1977 Beeler na Reuter walitoa kielelezo cha seli ya ventrikali chenye mkondo wa kalsiamu. Mwaka 1985 DiFrancesco na Noble waliongeza ghala la ndani na kibadilishi cha sodiamu na kalsiamu.

6. Fumbo la moto usioteketeza

Vielelezo vilipokamilika zaidi vilifichua fumbo. Katika miaka ya 1980 Alexandre Fabiato alionyesha kwa majaribio kwamba kalsiamu kidogo huifanya ghala la seli ya moyo limwage kalsiamu nyingi. Lakini ile iliyomwagwa nayo ni kalsiamu. Kwa nini basi isiendelee kufungua milango mingine mpaka ghala liwe tupu? Huo ni moto unaojichochea wenyewe. Kwa hesabu, seli ingekuwa na hali mbili tu: kulala kabisa au kulipuka kabisa. Seli halisi haifanyi hivyo. Kalsiamu inayoingia ikiwa kidogo, inayomwagwa huwa kidogo; ikiwa nyingi, huwa nyingi. Ndiyo maana moyo unaweza kuzidisha au kupunguza nguvu yake.

Mwaka 1992 Michael Stern, nchini Marekani, alionyesha kwa milinganyo kwamba kielelezo chochote kinachoichukulia kalsiamu yote ya seli kama maji ya mtungi mmoja hakiwezi kuwa na mambo mawili kwa pamoja: kuikuza ishara ndogo mara nyingi, na bado kuitii ishara hiyo. Suluhisho alilopendekeza ni kwamba milango imegawanyika katika vituo vidogo vingi, kila kituo kikitawaliwa na kalsiamu ya pengo lake mwenyewe.

Mfano wa shamba utasaidia. Mkulima akichoma shamba lisilo na njia za kuzuia moto, njiti moja huteketeza lote. Lakini shamba likigawanywa katika vipande 10,000 kwa njia za moto, kila kipande huungua peke yake, na eneo litakaloungua litategemea idadi ya njiti zilizowashwa. Kila kipande ama kimeungua chote ama hakikuungua. Hata hivyo shamba zima linaweza kuungua robo, nusu, au robo tatu.

Mwaka uliofuata, 1993, Cheng, Lederer na Cannell walitazama seli za moyo wa panya kwa hadubini ya leza, wakitumia rangi inayong'aa inapokutana na kalsiamu. Waliona vimulimuli vidogo vikiwaka na kuzimika, kila kimoja kikiwa na upana wa kiasi cha mikromita 2. Waliviita cheche za kalsiamu. Vile vipande vya shamba, vilivyotakiwa na hesabu, sasa vilionekana kwa macho.

7. Bahati nasibu na uthabiti

Pengo la kituo kimoja ni dogo mno. Tukilichukulia kuwa na kimo cha nanomita 15 na kipenyo cha nanomita 200, ujazo wake, kwa ukolezi wa mikromoli 0.1 kwa lita, unatosha kwa wastani wa ayoni 0.03 tu. Maana yake ni kwamba mara nyingi hamna hata ayoni moja huru. Katika mahali kama hapo haiwezekani kuzungumzia ukolezi kama tunavyouzungumzia katika kopo la maabara. Kila mlango hufunguka kwa bahati, na kompyuta huigiza bahati hiyo kwa kutumia namba za nasibu, kama mtu anayerusha dadu.

Hapa pana swali la haki: ikiwa kila kituo kinaongozwa na bahati, je, mapigo ya moyo huwaje thabiti? Jibu limo katika hesabu za uwezekano. Tuseme kila kituo kina uwezekano wa 0.6 wa kuwaka. Seli ingekuwa na vituo 10, vitakavyowaka kwa wastani ni 6, na mchepuko sanifu ni √(10 × 0.6 × 0.4), yaani kiasi cha 1.5. Hiyo ni robo ya wastani. Mapigo yangetofautiana vibaya. Seli ikiwa na vituo 10,000, wastani ni 6,000 na mchepuko ni √(10,000 × 0.6 × 0.4), yaani 49. Hiyo haifiki asilimia moja. Wingi wa vituo ndio unaoleta utulivu.

8. Sumu ya mishale

Mfano mmoja unaohusu Afrika Mashariki unaonyesha jinsi mambo haya yanavyoungana. Tangu zamani wawindaji wa makabila kadhaa, wakiwamo Wakamba na Wagiriama, walipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutokana na miti ya jenasi Acokanthera, ambayo kwa Kiswahili huitwa msunguti. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga kemikali yenye sumu kutoka mti wa namna hiyo. Jina lake, wabaini, lina asili ya Kisomali.

Wabaini haiigusi kalsiamu moja kwa moja. Huzuia pampu ya sodiamu iliyomo katika utando wa seli, ambayo kazi yake ilifafanuliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957. Pampu ikizuiwa, sodiamu hujikusanya ndani ya seli. Sasa tukumbuke kibadilishi: kinatoa kalsiamu moja kwa kuingiza sodiamu tatu. Kwa sababu ya tatu hizo, kiwango cha kalsiamu ambacho kibadilishi kinaweza kukifikia hulingana na kipeo cha tatu cha sodiamu ya ndani. Sodiamu ikipanda kutoka millimoli 8 hadi 10 kwa lita, yaani kwa robo tu, kiwango hicho huzidishwa kwa (10 ÷ 8)³, ambayo ni 1.95. Robo moja ya sodiamu huleta karibu maradufu ya kalsiamu.

Kwa hiyo ghala hujaa zaidi na moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu dawa za jamii hii zimetumika kutibu moyo uliodhoofika. Mwingereza William Withering aliandika habari za mmea wa namna hiyo wa Ulaya mwaka 1785. Lakini kipimo kikizidi kidogo, ghala hufurika. Vituo huanza kuwaka bila amri, cheche moja huvuka njia ya moto na kuwasha jirani yake, na wimbi la kalsiamu hupita katika seli nzima. Kibadilishi hujitahidi kuitoa kalsiamu hiyo. Na kwa kuwa kila mara chaji tatu huingia na mbili hutoka, volti ya ndani hupanda na kuanzisha pigo lisilotakiwa. Mapigo ya namna hiyo yakifuatana, mpangilio wa moyo huvurugika na mnyama hufa. Dawa na sumu ni kitu kimoja. Kinachotofautiana ni kipimo. Kwa sababu hiyo mti huu usichezewe wala kufanyiwa majaribio shuleni.

9. Faida na mipaka

Leo vielelezo vya seli ya moyo vinatumika katika uchunguzi wa dawa mpya. Dawa nyingine zilizokusudiwa kutibu maradhi yasiyohusu moyo zimeonekana kuvuruga mapigo yake. Mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa kimataifa wa kupima hatari hiyo mapema, na kielelezo kilichochaguliwa kuwa msingi wake ni kile cha seli ya binadamu kilichotolewa na O'Hara, Rudy na wenzao mwaka 2011.

Pamoja na hayo, mipaka ipo. Katika seli ya panya kiasi cha asilimia 92 ya kalsiamu hurudishwa ghalani, na asilimia 7 tu hutolewa nje na kibadilishi. Katika sungura ni kiasi cha asilimia 70 na 28. Binadamu anafanana zaidi na sungura. Kielelezo kilichojengwa kwa vipimo vya panya kinaweza kuwa sahihi kabisa kwa panya, na kumpoteza daktari wa watu. Tena, seli moja si moyo mzima, na moyo si mgonjwa. Kielelezo hakichukui nafasi ya jaribio. Humwambia mtafiti ni jaribio lipi linalostahili kufanywa kwanza.

Kwa walimu na wanafunzi, jambo la kutia moyo ni kwamba hesabu zilizohitaji kompyuta ya chuo kikuu kizima mwaka 1960 zinaweza kufanywa leo kwa kompyuta ndogo ya shule, na zile za sehemu ya 4 kwa kalamu tu. Biolojia, kemia, fizikia na hesabu hufundishwa katika vipindi mbalimbali. Ndani ya seli ya moyo hakuna mipaka ya vipindi.

Maswali ya kujipima

1. Rudia jedwali la sehemu ya 4 kwa kutumia h = sekunde 0.1. Linganisha jibu lako la sekunde 0.20 na jibu kamili la 0.431.

2. Pampu ya seli yenye ugonjwa huondoa ziada kwa kiwango cha 2.5 kwa sekunde badala ya 5. Kokotoa ukolezi katika sekunde 0.20 kwa h = sekunde 0.05. Je, moyo ukipiga kwa kasi kubwa, seli hii itapata shida gani?

3. Sodiamu ya ndani ikipanda kutoka millimoli 8 hadi 12 kwa lita, kiwango cha kalsiamu cha kibadilishi kitazidishwa mara ngapi?

4. Eleza kwa maneno yako kwa nini kielelezo cha mtungi mmoja hakiwezi kueleza moyo unaobadili nguvu zake.